Pua yako inaijua harufu ya kitimoto, lakini haimjui tegu

Huenda umewahi kukaa mezani na watu walioagiza sahani moja ya kitimoto wakaishia kubishana. Mmoja anasukuma sahani na kusema nyama inanuka mkojo. Wa pili anainusa, anaonja, anashangaa, kwa sababu yeye hasikii chochote kibaya. Wa tatu anasema mwenzao ana maringo tu. Muuzaji anaitwa, anaapa kwamba nguruwe amechinjwa asubuhi ile ile. Mwishowe anayekula anakula, asiyekula anaondoka na njaa yake.

Ubishi huo una jibu la kisayansi, na nitalieleza hapa. Lakini sababu ya kuuleta wiki hii ni kubwa kuliko sahani moja ya nyama. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, familia nyingi zinafuga nguruwe, na wengi wa nguruwe hao huchinjwa nyumbani bila kupita mikononi mwa mkaguzi. Mnunuzi anabaki na kipimo kimoja, yaani pua yake. Akisikia harufu anakataa, asiposikia anaridhika na kulipa. Kipimo hicho kinawadanganya watu, na gharama yake wanailipa watoto na vijana wanaoanguka kifafa.

Jeni moja, pua tofauti

Juu kabisa ndani ya pua yako kuna utando mdogo wenye mamilioni ya seli za fahamu. Kila seli ina vinyweleo vidogo sana, na juu ya vinyweleo hivyo zimekaa protini ziitwazo vipokezi vya harufu. Chembe ya harufu inapoingia na hewa hukutana na kipokezi kinachoifaa, kama ufunguo unavyokutana na kufuli lake. Seli hupeleka taarifa kwenye ubongo, nawe unasema, "Nasikia harufu ya vitunguu."

Maelekezo ya kutengeneza kila kipokezi yameandikwa kwenye jeni yake. Wanasayansi wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, ndio waliozigundua jeni hizo mwaka 1991, na mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Binadamu ana takriban jeni 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi.

Mojawapo inaitwa OR7D4, nayo ipo kwenye kromosomu ya 19. Kipokezi chake hunasa kemikali iitwayo androstenoni. Kemikali hiyo hutengenezwa kwenye korodani za dume la nguruwe aliyekomaa na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake. Nyama ikipata moto, androstenoni hupanda na mvuke. Ndiyo maana nyama ambayo haikunuka buchani inaweza kuanza kunuka ikiwa kikaangoni.

Mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu vya Rockefeller na Duke, huko Marekani, walionyesha kwamba jeni hii haifanani kwa watu wote. Katika aina moja inayopatikana sana, protini ya kipokezi imebadilika sehemu mbili tu kwenye mnyororo wake, na mabadiliko hayo madogo yanatosha kuidhoofisha. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye nakala mbili zinazofanya kazi vizuri kwa kawaida husikia androstenoni kama harufu kali ya mkojo au jasho. Mwenye nakala zilizobadilika anaweza kuisikia kwa mbali, akaiona tamu kama vanila, au asiisikie kabisa. Jeni hii haielezi kila kitu kuhusu pua ya mtu, lakini inaeleza sehemu kubwa ya ubishi wa pale mezani.

Mwaka 2012 watafiti wa Norway, wakishirikiana na wenzao wa Duke, waliwapa watu nyama ya nguruwe iliyotiwa androstenoni na kuzipima jeni zao. Wenye nakala mbili zinazofanya kazi ndio walioichukia zaidi. Swali hilo lilikuwa na uzito wa kibiashara, kwa sababu nchi za Ulaya zilikuwa zikijadili kuacha kuwahasi nguruwe dume, na wafugaji walihofia wanunuzi wangeikimbia nyama.

Mwaka 2015 ulifuata utafiti uliolinganisha jeni hii katika jamii 43 duniani. Watu wenye asili ya Afrika walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kipokezi kinachoisikia harufu hii kuliko watu wa kaskazini mwa dunia. Kwa hiyo rafiki yako anayesukuma sahani haringi. Anasikia kitu ambacho pua yako huenda haina kifaa cha kukisikia.

Nawe mzazi, mtoto wako mmoja akikataa nyama hiyo huku ndugu zake wakiifurahia, usimchape wala usimwite mdekezwa. Watoto wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kurithi nakala tofauti. Mpe maharage au yai, maisha yaendelee.

Harufu inasema nini, na haisemi nini

Harufu hii ya dume haina maana kwamba nyama ina sumu au ugonjwa. Inakuambia jambo moja tu, kwamba nguruwe alikuwa dume aliyekomaa bila kuhasiwa. Ipo pia kemikali nyingine, skatoli, inayotengenezwa kwenye utumbo wa nguruwe na kunuka kama kinyesi, nayo huchangia harufu ya nyama ya dume. Mfugaji anayetaka nyama yake ipendwe huwahasi madume wakiwa wadogo, kwa msaada wa afisa mifugo. Harufu ya kuoza ni jambo jingine kabisa. Nyama iliyooza ikatae popote, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa.

Sasa tufike kwenye hatari yenyewe. Tegu wa nguruwe, wakati wa uchanga wake, hukaa ndani ya misuli ya nguruwe kama vifuko vidogo vyeupe vyenye maji, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele hadi njegere. Vifuko hivyo havina harufu. Hakuna kipokezi hata kimoja, kati ya vile 400, kitakachokuonya kwamba vimo.

Matokeo yake ni haya. Nyama ya nguruwe jike, au ya dume aliyehasiwa vizuri, inaweza kunukia vizuri kabisa na kuwa imejaa vifuko vya tegu. Nyama ya dume inayowakera watu inaweza kuwa haina hata kimoja. Anayechagua kwa pua anachagua ladha. Usalama hajaugusa.

Mbulu imechunguzwa muda mrefu

Haya si mambo ya kutisha watu yaliyookotwa mbali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, wataalamu wa mifugo walikagua ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Wilaya ya Mbulu. Zaidi ya nguruwe 17 katika kila 100 walikuwa na vifuko vya tegu. Na kukagua ulimi hugundua wale walioathirika sana tu. Mwenye vifuko vichache hupita bila kuonekana, hivyo idadi halisi ni kubwa zaidi.

Upande wa binadamu, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika katika eneo la Haydom mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta zaidi ya watu 10 katika kila 1,000 wamewahi kuwa na kifafa. Wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakihudumiwa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom walipopigwa picha za kichwa kwa CT, takriban mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za tegu kwenye ubongo. Hospitali hiyo hupokea wagonjwa kutoka Mbulu, Hanang na wilaya jirani, kwa hiyo jambo hili ni la ukanda mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, takriban asilimia 30 ya kifafa kinaweza kuwa kimetokana naye.

Fikiria maana yake kwa mzazi. Sehemu ya kifafa ambacho familia imekihesabu kuwa laana, uchawi au ugonjwa wa ukoo ni kifafa ambacho kingeweza kuzuiwa.

Njia mbili ambazo watu huzichanganya

Hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Njia ya kwanza ni ya nyama. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko hai, ambayo haikuiva vizuri, kifuko hufunguka tumboni na kukua kuwa tegu mzima, mrefu wa mita kadhaa, anayeishi kwenye utumbo. Mtu huyo mara nyingi hajisikii mgonjwa. Anachoweza kuona ni vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi. Vipande hivyo vina maelfu ya mayai.

Njia ya pili ni ya kinyesi. Mayai hayo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu, maji machafu au mboga zilizoguswa na kinyesi, hayageuki kuwa tegu wa tumboni. Hupenya ukuta wa utumbo, husafiri na damu na kujenga vifuko kwenye misuli, macho au ubongo. Vifuko vya kwenye ubongo ndivyo vinavyoleta degedege na kifafa, wakati mwingine miaka mingi baada ya mayai kuingia mwilini. Nguruwe naye huvipata kwa njia hiyo hiyo, anapokula kinyesi cha binadamu porini au kwenye choo kisichofungwa.

Kwa hiyo mtoto anaweza kupata tegu wa ubongo hata kama hajawahi kula nyama ya nguruwe maishani mwake. Familia ya Kiislamu, ya Wasabato, au nyingine yoyote isiyogusa kitimoto, haiko salama kwa sababu hiyo pekee. Inatosha jirani mmoja, au anayewapikia, awe na tegu tumboni na asinawe mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni.

Kwa nini mnunuzi ameachiwa pua peke yake

Ufugaji wa nguruwe umewasaidia watu. Nguruwe huzaa vitoto vingi, hukua haraka, na akiuzwa hulipa ada ya shule au gharama za matibabu. Barabara ya lami kutoka Babati kwenda Singida, inayopita Katesh, imeisogeza nyama karibu na wanunuzi wa mbali. Nguruwe wa kijijini leo anaweza kuliwa mjini kesho. Hakuna sababu ya kuwaambia watu waache biashara hiyo. Lililopo ni kuuliza nani anailinda.

Ukiangalia vizuri, kila mmoja ana kipande chake. Nguruwe na ukaguzi wa nyama ni kazi ya watu wa mifugo. Vyoo na usafi ni kazi ya watu wa afya na halmashauri. Kifafa ni kazi ya hospitali. Tegu yeye anapita kote huko bila kuonyesha kitambulisho. Mganga anayempa mtoto dawa za kifafa hana mamlaka juu ya nguruwe anayezurura nyuma ya nyumba ya mtoto huyo, na afisa mifugo aliyemwona nguruwe mwenye vifuko hana orodha ya watu wa kupimwa kinyesi.

Kuna pia suala la fedha. Mfugaji ambaye nguruwe wake amekataliwa na mkaguzi anapoteza akiba ya miezi mingi. Akijua hivyo, anashawishika kumchinja usiku na kuuza kwa majirani. Kumlaumu peke yake hakutamaliza tatizo. Atapeleka nguruwe kwa mkaguzi akiwa na matumaini kwamba atapita, na matumaini hayo yanajengwa kwa kuwafungia bandani na kuwatibu mapema.

Elimu inasaidia, na Mbulu yenyewe ni ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walijaribu kutoa elimu ya tegu katika vijiji vya wilaya hiyo, na maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua. Ulaji wa nyama yenye vifuko ulipungua. Lakini ujenzi wa vyoo na mabanda haukubadilika vya kutosha. Somo ni kwamba mtu hubadilisha haraka kile kisichohitaji fedha. Kinachohitaji mbao, bati na saruji kinahitaji mkono wa serikali ya kijiji na halmashauri.

Vifaa vipya vipo. Chanjo ya nguruwe iitwayo TSOL18, ikitumiwa pamoja na dawa ya oksfendazoli, imejaribiwa katika vijiji vya Mbeya na Songwe na kutoa matokeo ya kutia moyo. WHO nalo limemweka tegu wa nguruwe katika mpango wake wa hadi mwaka 2030 wa kupambana na magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwenye mkutano wa kijiji unaweza kumuuliza diwani wako swali rahisi: katika mipango hiyo, sisi wa Mbulu na Hanang tumewekwa wapi?

Ukiwa na mtoto anayeanguka

Mtoto akipata degedege, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimnusishe kiatu, moshi wala kitunguu. Havizuii degedege, na moshi unaweza kumziba pumzi. Mate yake hayaambukizi kifafa, wala hewa anayoitoa, kwa hiyo usiogope kumshika. Degedege likizidi dakika 5, au likirudia kabla hajazinduka, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Msikilize pia anachosema kabla ya kuanguka. Baadhi ya wagonjwa wa kifafa husikia harufu ambayo hakuna mwingine anayeisikia, kama ya kitu kinachoungua au kinachooza. Harufu hiyo haikutoka nje. Imeanzia kwenye sehemu ya ubongo inayoshughulikia harufu, nayo ni mwanzo wa kifafa chenyewe. Mtoto akikuambia hivyo usimwambie anaota. Mkalishe chini mahali salama, kisha mweleze daktari, kwa sababu maelezo hayo yanamsaidia kujua tatizo lilipo.

Ukihisi ni tegu, usinunue dawa za minyoo na kumpa mwenyewe mtoto mwenye kifafa. Dawa hizo zikiua vifuko vya ubongoni kwa ghafla, ubongo unaweza kuvimba na hali ikawa mbaya zaidi. Daktari huamua kwanza kwa vipimo, na mara nyingi huongeza dawa ya kuzuia uvimbe. Dawa za kifafa nazo zisikatishwe kwa sababu mtoto amekaa miezi miwili bila kuanguka. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege kali.

Ikiwa mtu nyumbani anaona vipande vyeupe kwenye kinyesi, asione aibu. Aende kituo cha afya apimwe na kutibiwa. Amtajie pia mhudumu kama amewahi kupata degedege au ana maumivu makali ya kichwa, kabla ya kumeza kidonge chochote.

Nyumbani na kwenye banda la nyama

Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na uulize usipouona. Kata vipande vyembamba kabla ya kuchoma. Kipande kinene huungua nje na kubaki chekundu ndani, na hapo ndipo vifuko hubaki hai. Nyama iive mpaka ndani isiwe na wekundu na maji yake yawe meupe. Moshi na jua pekee havitoshi. Ukiona vifuko vyeupe, usile, usiuze, wala usimpe mbwa. Mwite afisa mifugo.

Fungia nguruwe. Jenga choo chenye mlango, na mfundishe kila mtoto kukitumia. Nawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni na kabla ya kushika chakula. Osha mboga na matunda kwa maji safi.

Na kama pua yako haisikii harufu ya dume la nguruwe, wewe si mgonjwa. Ni jeni uliyorithi. Lakini mtu aliyepoteza ghafla uwezo wa kusikia harufu zote, za chai, sabuni na moshi, amwone daktari.

Wikiendi hii, ubishi ukizuka tena mezani, waambie wenzako wote wawili wana haki, anayesikia na asiyesikia. Kisha ulizeni lile swali ambalo pua haiwezi kulijibu: nguruwe huyu amekaguliwa na nani?